Viko Kumi na Kimoja

Sinia lilifika chini kwa kishindo, chai ikatambaa hadi kwenye miguu ya kabati.

Mnakumbuka tulipoishia wiki iliyopita. Sebuleni kwa Bwana Vipimo, mpima ardhi mstaafu, saa tisa alasiri, kabati la vioo li wazi, na mkaguzi aliyetumwa na jumba la makumbusho kuhakiki viko vyake ameshika kimoja mkononi. Alikuwa ametoka kupitisha waya mwembamba kwenye tundu la moshi, akachungulia kwa tochi, kisha akatamka yale maneno: "Mzee, hiki hakukichonga fundi wako." Hapo ndipo Sista, mke wa mwenye nyumba, alipokuwa anaingia na chai.

Wapo wasomaji walioniandikia wiki nzima kwamba sinia lilimponyoka kwa sababu ya uzee. Jamani! Muuguzi aliyebeba sinia za dawa wodini kwa miaka thelathini na miwili hamwagi chai hivi hivi.

"Samahani," alisema Sista. Akapiga magoti, akaanza kuokota vipande vya vikombe. "Mkono tu huu."

Bwana Vipimo hata hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwa mkaguzi.

"Rudia ulichosema."

"Siye aliyekichonga hiki, mzee wangu. Wewe mwenyewe asubuhi uliniambia fundi wako ana jicho moja."

"La kushoto lilipigwa na kibanzi angali kijana. Nani asiyejua?"

"Na anatoboa kwa keekee ya mkono, kwa kukadiria tu."

"Kwa kukadiria, ndiyo! Ndio ufundi wenyewe huo."

"Basi tazama."

Mkaguzi alichukua kiko cha zamani kwenye rafu ya juu, akapitisha waya. Ncha ikatokeza ndani ya kichwa cha kiko, kando kidogo, upande wa kulia. Akachukua cha pili. Kulia. Cha tatu, cha nne, cha tano, vyote kulia, kwa upana uleule wa punje ya mchele.

"Mwenye jicho moja akikadiria katikati, hukosea upande uleule siku zote. Hii ndiyo saini yake, mzee. Ile alama anayoichora chini ya kiko mtu anaweza kuiiga. Kosa la jicho haliigiki. Sasa rudi kwenye hiki cha mwaka jana."

Waya ulitokeza katikati barabara.

"Aliyetoboa hapa ana macho mawili," alisema mkaguzi, na sauti yake ilikuwa ya huruma.

Ngoja. Nawasikia mkiuliza: mzee mwenye viko thelathini na tisa vya fundi mmoja, mtu aliyepima mipaka ya mashamba maisha yake yote mpaka majirani wakambandika jina la Vipimo, ilikuwaje asijue tundu la kiko limekaa wapi?

Hakujua kwa sababu hakuwahi kuchomoa mdomo wa kiko hata kimoja. Alivishika kwa glavu nyeupe za pamba. Aliviandikia vikadi: tarehe, aina ya mti, uzito, urefu. Aliwahi kumfukuza shemeji yake mwenyewe hapa sebuleni kwa kosa la kuuliza kiberiti kiko wapi. Moto hakuvitia, tumbaku hakuvionjesha. Kiko kikishavutwa, alizoea kusema, kimekufa.

Na hilo ndilo lililovunja urafiki. Kwa ninyi mlioanza kusoma leo, nitawapa kwa kifupi.

Miaka kumi na mmoja iliyopita Fundi alikuja hapa kumtembelea rafiki yake, amejiletea tumbaku mfukoni, akasema leo tuvute pamoja. Akafungua kabati mwenyewe. Akakinusa kiko cha kwanza, cha pili, cha kumi. Vyote vilinukia mbao mpya.

"Miaka ishirini nakuchongea," alisema Fundi, "hujavuta hata kimoja?"

"Nimevihifadhi."

"Umevizika! Sikuchongei tena mpaka uvute."

Kulikuwa na wageni siku ile, na Bwana Vipimo aliona amevuliwa nguo mbele yao. Akamjibu neno ambalo mpaka leo akilikumbuka huacha kula: "Bila mimi ungekuwa unachonga mipini ya majembe."

Fundi alichukua kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Miezi minne baadaye Sista alirudi kutoka kazini na kiko kimefungwa kwenye gazeti. Fundi anakusalimu, alisema. Mwaka uliofuata akaleta kingine, na mwingine kingine. Kumi na kimoja kwa jumla. Kila kimoja Bwana Vipimo alikipokea kwa mikono miwili, akakiona ni msamaha aliopewa bila kuuomba. Kwenda mwenyewe kwa Fundi aliona haya. Aliahirisha mwaka hata mwaka, akituma salamu kupitia mke wake, akiletewa salamu.

Lakini mwaka huu alipiga moyo konde. Kesho asubuhi gari la makumbusho, kama mkaguzi alivyomwahidi, lingempeleka hadi mlangoni kwa Fundi, na yeye angemshika mkono na kusema nisamehe, kwa kinywa chake. Hakutaka kingine chochote duniani. Koti lilikuwa limeshapigwa pasi, linaning'inia nyuma ya kiti.

Na sasa waya huu.

"Pima vyote kumi na kimoja," aliamuru Bwana Vipimo.

Mkaguzi alipima. Cha mwaka jana, katikati. Cha mwaka juzi, katikati. Alirudi nyuma mwaka kwa mwaka, na kila ncha ilipotokeza katikati, Bwana Vipimo alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesomewa majina ya marehemu. Vikafika kumi.

"Bado hiki cha kwanza," alisema mkaguzi. Akasukuma waya. Akasukuma tena. "Hauingii. Kimeziba."

"Kimeziba na nini?"

"Labda aliyechonga hakumaliza kutoboa. Wanaoiga huwa na haraka, mzee."

Bwana Vipimo alikaa chini. Kwa mara ya kwanza tangu sinia lianguke, alimgeukia mke wake.

"Sista." Hivyo ndivyo alivyomwita tangu siku waliyokutana wodini, na hata ndoani hakubadili. "Hivi viko ulikuwa unavitoa wapi?"

Sista bado alikuwa amepiga magoti. Vipande vya vikombe vilikuwa vimeshaisha sakafuni, lakini mkono wake uliendelea kupapasa.

"Sista!"

"Kwa yule seremala wa milango," alisema. "Yule aliye nyuma ya hospitali."

"Seremala wa nini?"

"Wa milango."

Bwana Vipimo alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, mkaguzi akajifanya anakunja waya wake.

"Unanitania. Mpigie simu. Mpigie sasa hivi, weka sauti tusikie wote."

"Mzee wangu, tafadhali..."

"Piga!"

Simu iliita mara mbili. Nyuma ya sauti iliyopokea kulikuwa na mashine inakata mbao.

"Shikamoo mama!" alisema seremala kwa furaha. "Usiwe na wasiwasi, cha mwaka huu nimeshakianza. Safari hii namwekea mzee pete ya shaba shingoni. Kumi vimepita, hiki cha kumi na moja nataka kiwe kiboko yao!"

Sista alifumba macho. Mume wake alisogeza kiti karibu na simu.

"Mama? Unanisikia? Mzee mwenyewe hajambo? Bado tu hajastuka?"

"Amestuka," alisema Bwana Vipimo.

Mashine ilizimwa. Kisha simu ikakatwa.

Mkaguzi alitamani ardhi ipasuke. Alikuja kukagua viko, sasa anakagua ndoa ya watu. Akafunga mkoba wake polepole ili zipu isipige kelele.

"Kwa hiyo Fundi alikataa kunichongea," alisema Bwana Vipimo. Sauti ilikuwa imeshuka. "Sawa. Ana haki. Alisema hachongi mpaka nivute. Wewe ukaona unifiche, ukampa kazi mchonga milango. Sista, hilo nakusamehe. Haki ya Mungu nakusamehe. Kesho nakwenda, nitamwomba radhi hivyo hivyo. Tena afadhali."

Huyo ndiye Bwana Vipimo! Ameporomokewa na nyumba, yeye anatafuta mlango wa kutokea. Alisimama, akanyoosha koti lake kitini, akamgeukia mkaguzi. "Saa mbili kamili, sivyo?"

"Mzee wangu," alisema Sista. "Usiende."

"Naenda."

"Hayupo."

"Amehama?"

Sista aliifuta chai sakafuni kwa upindo wa kanga.

"Sista, nakuuliza. Amehama?"

"Amekufa, mzee wangu."

Mkono wa Bwana Vipimo ulibaki juu ya kola ya koti.

"Lini?"

"Mwaka uleule. Mliogombana."

"Mwaka ule..." Alihesabu kwa midomo. Mtu wa namba ni mtu wa namba, hata akiwa anakufa moyo. "Mwaka jana uliniambia amepata mjukuu."

"Nilisema."

"Nikatuma zawadi."

"Ulituma."

"Mwaka juzi uliniambia mguu unamsumbua. Nikakaa usiku kucha nafikiria mguu wa Fundi! Kila nikikwambia nisalimie, unarudi unaniambia amepokea. Miaka kumi na mmoja natuma salamu kwa maiti, na maiti ananijibu!"

"Ulitaka nijibuje?" Sista aliinuka sasa, na ile aibu ikageuka kitu kingine. "Hukujiona wewe. Baada ya ule ugomvi ulikaa mbele ya hilo kabati wiki kwa wiki. Uji nakunywesha kwa kijiko, mtu mzima! Kilipokuja kile cha kwanza ndipo uliponiomba chakula. Ulikula ukalamba sahani. Nikasema Mungu ameninusuru. Mwaka ukaisha, nikakuona unaanza kutazama kalenda. Ningefanya nini? Ningekwambia amekufa, ningekuzika nawe."

"Alikufaje?"

"Ghafla. Nyumbani kwake. Hakuugua."

"Hakusema neno?"

"Hakusema. Alilala tu hakuamka."

Bwana Vipimo alishika ukingo wa kabati. Sikilizeni, wasomaji wangu. Mtu akifiwa na rafiki hulia, huzika, watu humjia na pole zao, siku zikapita. Huyu mzee amefiwa leo na msiba una miaka kumi na mmoja. Nani atamletea pole? Kaburi lenyewe halijui. Na lile neno la mipini ya majembe ndilo la mwisho Fundi alilolisikia kutoka kwake, na hakuna tena wa kumwomba alifute.

Alianza kutoa viko vya seremala, kimoja kimoja, akivipanga mezani bila glavu. Kumi. Mkono ulipogusa kile cha kwanza, Sista alisema haraka:

"Hicho kiache. Hicho ni chake."

"Uongo umeuzoea, mama," alisema Bwana Vipimo.

"Nakuapia. Hicho cha kwanza alinipa mwenyewe, kwa mkono wake. Hivyo kumi ndivyo vya kutengenezesha. Hata seremala umemsikia, amesema kumi."

Bwana Vipimo na mkaguzi walitazamana. Ni kweli. Kumi, alisema seremala. Cha mwaka huu ndicho kingekuwa chake cha kumi na moja.

"Lakini mama, waya haupiti," alisema mkaguzi. "Fundi wa namna ile hawezi kutoa kiko kisichopitisha hewa."

"Sijui mambo ya waya mimi. Najua alinipa."

Bwana Vipimo alikitwaa kile cha kwanza, akapiga hesabu upya. Fundi alikula kiapo hachongi tena mpaka rafiki yake avute. Kama alichonga hiki baada ya kiapo, basi alilainika. Basi alisamehe! Kimoja tu cha kweli kingemtosha. Vile kumi vingeweza kwenda jikoni kuwasha moto.

"Nitakifungua," alisema.

"Ngoja nikusaidie, mzee," alisema mkaguzi. "Mbao imekauka imebana. Kiko kinachovutwa mdomo wake huteleza, hufunguliwa kila siku. Hiki hakijachomolewa tangu kitengenezwe. Yafaa tukipashe joto kidogo, tukisokote taratibu..."

"Nitakifungua mwenyewe."

Hakuwahi kufungua kiko maishani mwake. Alikishika kichwa kwa mkono wa kushoto, mdomo kwa mkono wa kulia, akazungusha jinsi mtu anavyofungua chupa. Hakikusogea. Akakaza meno.

"Mzee, taratibu!"

Ta!

Kilivunjika shingoni. Mdomo ulibaki mkono mmoja na kichwa mkono mwingine, na katikati mbao imepasuka vibaya, nyeupe ndani kama mfupa. Kiko cha mwisho cha Fundi, na aliyekivunja ni mtu yuleyule aliyekifuta vumbi miaka kumi na mmoja.

Alitaka kulia. Mkaguzi ndiye aliyeona kwanza.

"Mzee. Usitikise mkono. Kuna kitu ndani ya tundu."

Ilikuwa karatasi. Imeviringishwa nyembamba kuliko njiti ya kiberiti, imeshindiliwa kwenye tundu la moshi. Mkaguzi aliivuta kwa kibano chake kidogo, akaikunjua juu ya meza. Mwandiko ulikuwa mkubwa, unapanda na kushuka, wa mtu asiyeona vizuri anapoandika.

Bwana Vipimo alivaa miwani. Alisoma kwa sauti, maana hakujua kusoma kimya kimya wakati ule.

"Ndugu yangu Vipimo. Ukiwasha kiko hiki kitakubania pumzi. Utanitukana, halafu kikipoa utachomoa mdomo, utaikuta hii karatasi. Kwa hiyo ukiisoma najua umevuta. Na ukishavuta sina neno nawe tena, yale yameisha."

Aliishusha karatasi. Mkaguzi alikuwa anajipangusa macho. Mnaona sasa? Njiti moja ya kiberiti, wasomaji. Njiti moja tu, usiku wowote wa miaka hiyo kumi na mmoja, na mzee huyu angelala ameshasamehewa. Lakini alikiandikia kikadi, akakifungia kwenye vioo.

"Endelea, mzee," alisema mkaguzi.

"Nimelazwa..." Bwana Vipimo aliisogeza karatasi karibu na macho. "Nimelazwa wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, huu ni mwezi wa tatu. Jicho lililobaki nalo linaniaga. Kiko hiki nimekichonga kitandani kwa kisu kidogo, kasoro utaziona. Nimemtuma shemeji, mkeo, mara tatu aje akuite. Labda una kazi nyingi. Njoo hata kwa dakika tano. Usilete kitu. Kaa tu hapa nikusikie."

Aliinua kichwa taratibu.

"Umesema alikufa ghafla. Nyumbani kwake."

Sista alikuwa ameegemea ukuta.

"Umesema hakuugua."

Bwana Vipimo aliigonga karatasi kwa kidole.

"Wodi ya wanaume, Sista. Msimamizi wake alikuwa nani?"

"Unamjua."

"Nataka umtaje."

"Mimi."

"Miezi mitatu amelala kwenye wodi yako. Unamtandikia kitanda, unampa dawa, ananiita. Jioni unarudi hapa unaninywesha uji kwa sababu yake, na hunambii! Amekutuma mara tatu!"

"Mara nne," alisema Sista.

Bwana Vipimo alivua miwani.

"Mara ya nne alikuja mwenyewe. Alitoroka wodini, na nguo za hospitali, kafuata ukuta kwa kupapasa mpaka hapa mlangoni. Nikatoka mimi. Akanipa hicho kiko, ndicho nilichokuletea kesho yake kama natoka kazini, akasema basi niitie nimsikie sauti tu. Wewe ulikuwa humu humu unafuta vioo. Ukaniuliza kwa sauti, nani anabisha? Nikakujibu, mgonjwa wangu mmoja. Ukasema..."

"Nyamaza."

"Ukasema, mwambie aende, nina kazi. Na yeye alisikia, mzee wangu. Ndipo nikafunga mlango."

Karatasi ilianguka kutoka mkononi mwa Bwana Vipimo, ikalala juu ya meza kati ya vipande vya kiko. Aliikumbuka alasiri ile. Aliikumbuka vizuri, mpaka kitambaa alichokuwa ameshika.

"Kwa nini, Sista?" aliuliza. "Alikukosea nini Fundi?"

Sista alimtazama mkaguzi, kisha akautazama mlango.

"Mgeni atupishe kwanza," alisema. Na sababu yenyewe, wasomaji wangu, ni ya wiki ijayo.